Safari ya Kudai Shikamoo

Mama aliniambia tunakwenda Gitting siku ya Jumatano jioni, huku anachambua maharage, bila kuinua macho. Hakuuliza kama gari langu lina mafuta wala kama mimi, binti yake, nina nafasi. Alisema tu kwamba mdogo wake ameanza kusahau watu, na mtu akishasahau hawezi tena kuomba radhi, kwa hiyo inabidi tuwahi.

"Tuwahi nini, mama?" nikamuuliza, ingawa nilijua.

"Shikamoo yangu," akasema, akatupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage.

Inabidi nieleze hiyo shikamoo ilipotelea wapi. Mama yangu alizaliwa Nambis, akaolewa Nambis, na mpaka leo analima Nambis, kwenye vilima vya Mbulu ambako asubuhi ukungu unakaa hadi saa nne. Mdogo wake, aliyemfuata mara tu, aliolewa mbali, Gitting, chini ya Mlima Hanang. Wote wawili walifundishwa kusalimia na katekista mmoja aliyekuwa na fimbo nyembamba na masikio makali. Sisi nyumbani tunaongea Kiiraqw, na mengi ninayoyaandika hapa yalisemwa kwa Kiiraqw, lakini shikamoo ni shikamoo, imeshaingia na hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Kwa miaka zaidi ya hamsini mama mdogo alimwamkia mama, mama akaitikia marahaba, na mambo yakaenda vizuri.

Ndipo vikaja vitambulisho vya taifa. Watu wakapanga foleni, kila mmoja akaulizwa amezaliwa lini. Kwa kijana hilo ni swali dogo, lakini kwa wazee wetu ni fumbo. Mama, huku Mbulu, alisema alizaliwa msimu ambao mvua ilikatika mtama ukiwa magotini. Mama mdogo, kule Hanang, alisema alizaliwa mwaka wa nzige. Nzige walikuja mara mbili, naye hakusema ni wale wa kwanza au wa pili, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Jua lilikuwa kali, foleni ndefu, mwandikishaji akaandika. Kadi zilipotoka, mama mdogo alikuwa amezaliwa miaka mitatu kabla ya dada yake.

Angeiweka kadi kabatini, yangeisha. Lakini mama mdogo ni mtu wa utani, na utani kama ule ukiushika huwezi kuulaza na njaa. Alikuja nao kwenye kipaimara cha mtoto wa kaka yangu, Mbulu mjini, umefungwa kwenye leso. Akasubiri watu wakae, akaifungua leso, akainua kadi juu. "Serikali imesema," akamwambia mama mbele ya padri na wageni wote. "Kuanzia leo shikamoo inatoka kwako kuja kwangu." Kisha akatugeukia sisi watoto akatutangazia kwamba yeye si mama mdogo tena, ni mama mkubwa. Watu walicheka mpaka wengine wakakohoa pilau. Shemeji yangu mmoja, anayependa kumfurahisha kila mtu, akamshika mkono akamketisha kwenye kiti cha mbele karibu na padri, kiti ambacho mama alikuwa ameshaweka mtandio wake.

Mama akachukua mtandio, akaondoka kabla ya keki.

Mpaka leo sijui kama mama mdogo alitania au alimaanisha. Nadhani alianza kwa utani, halafu kiti kikamnogea. Kesho yake alisubiri dada yake apige simu, na dada yake alisubiri yeye apige, na wote wawili wana vichwa vigumu, nami nimerithi. Ikapita miaka minane. Msibani walikutana, maana msiba haungoji mwaliko, wakapeana mikono wakaambiana pole. Pole haina mkubwa wala mdogo. Lakini nje ya msiba walikosa neno la kuanzia, na kwetu huwezi kumwambia mtu jambo lolote kabla hujamsalimia. Mimi nilipompigia mama mdogo simu nilikuwa nasema "mama," halafu nakohoa pale penye "mdogo" au "mkubwa," mpaka akaniuliza kama nimepimwa kifua.

Sasa mtoto wake wa kike, ambaye ni mdogo wangu kwa ukoo na anayeishi naye, alikuwa amenipigia kusema mama yake amemuuliza yeye ni nani. Nilimpa mama habari hiyo nikidhani atalia. Alichambua maharage.

Ijumaa alfajiri nikamkuta ameshavaa viatu vya Jumapili. Gari langu ni kirikuu, kile kigari cha mizigo chenye viti viwili mbele na bodi la bati nyuma, na siku zote kinabeba vitunguu saumu kwenda sokoni. Mama alikuwa amekijaza: gunia la viazi, dumu la maziwa mgando, mashada ya vitunguu saumu, na kondoo dume mweupe amefungwa miguu.

"Gitting wanalima viazi kutushinda," nikamwambia.

"Siyo hivi."

"Na kondoo?"

"Wa kupatana. Akinipa shikamoo yangu, tunamchinja."

"Asipokupa?"

"Tunarudi naye."

Kondoo alinitazama. Kati yetu sote, yeye peke yake alikuwa na sababu ya kuomba ugomvi uendelee.

Tulishuka Mbulu mjini kuweka mafuta. Kijana wa pampu akainama dirishani akamwambia mama, "Mambo, bibi." Mama akamuuliza hayo mambo ni ya nani. Yule akacheka, akaona mama hacheki, akarudi hatua moja akasema shikamoo kwa sauti ya darasani. "Marahaba, baba," mama akajibu kwa upole kabisa, kama ndiyo kwanza wamekutana. Safari nzima alikuwa hivyo. Dongobesh alimrudisha mwuza mahindi kwenye shikamoo, na mbele kidogo alimrudisha mtu wa bodaboda aliyetusimamisha kutuambia mlango wa nyuma uko wazi. Nilimwambia mlango ungefunguka kabisa kondoo akaanguka tukiwa bado tunasalimiana. Akasema kondoo angengoja.

Baada ya Dongobesh barabara inapanda na kushuka, na siku ya hewa safi, ukifika juu ya tuta, Mlima Hanang unatokea kule mbele peke yake, mrefu, hauna ndugu. Mimi kila nikiuona nafurahi, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nchi yote inayouzunguka imelala nao umekaa. Mama akageuza shingo akatazama upande wa pili, kwenye kichaka kisicho na chochote. Nikakumbuka kwamba hata shambani alikuwa amebadilisha upande wa kuanzia kupalilia. Kutoka shamba letu la juu mlima huonekana, na mama kwa miaka minane aliupa mgongo, kwa sababu chini yake kuna nyumba anayoijua.

"Mama, mlima haukukosei."

"Sijasema kitu," akasema.

Haydom tulikunywa chai na chapati, na hapo ndipo tulipompata mwalimu. Alikuwa mtu wa Lindi, amepangiwa shule moja ya huku juu miaka mingi iliyopita na hajaondoka, ana kofia ya kufuma kichwani, ndevu nyeupe kidevuni, na begi la madaftari. Aliomba tumfikishe njia panda ya kwenda Dirma. Nami nikaona tatizo kabla halijafika: kiti cha mbele kimoja, wazee wawili. Mama akamtazama ndevu. Mwalimu akamtazama mama kilemba. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu anayeanza vibaya hapo amejishusha au amemkosea mwenzake.

Mama akavunja ukimya. "Mwalimu, una miaka mingapi?"

"Ya kweli au ya serikali?"

Mama akanigeukia taratibu. Sijawahi kumwona amefurahi vile hata kanisani. "Umesikia?" akaniambia. "Umesikia lakini?"

Mwalimu akaeleza kwamba alipokuwa mtoto alichelewa kwenda shule, wakampunguzia miaka minne ili aingie darasa la kwanza, na miaka ile haikurudishwa. "Sasa mdogo wangu wa tumbo moja amestaafu, yuko nyumbani anafuga kuku," akasema. "Mimi bado nasahihisha madaftari."

"Na anakupa shikamoo?"

"Ananipa. Ila siku aliyoagwa kazini alinipigia simu akaniambia, vipi kijana."

"Ukafanyaje?"

"Nilicheka, mama. Ningefanyaje? Ni mdogo wangu."

Mama hakupenda jibu hilo. Lakini hesabu ilishafanyika, hata kwa miaka yake ya kweli mwalimu alikuwa nyuma sana. Akamwamkia mama shikamoo safi, yenye mkono wa kushoto umeshika kiwiko, akapanda nyuma akakaa juu ya viazi, pembeni ya kondoo.

Kutoka pale nchi inabadilika. Unaacha migomba na ukungu, udongo mwekundu unapauka, miti inafupika na kuota miiba, na mbele yako kunafunguka uwanda mpana wenye mabua ya ngano yaliyovunwa na upepo usio na kazi nyingine. Punda wanapita na mikokoteni ya madumu ya maji bila mtu, wanajua wanakokwenda. Wafugaji wa Kibarabaig wamesimama mguu mmoja kando ya ng'ombe wao, shuka zinapepea. Vumbi linajizungusha, linanyanyuka, linatembea kidogo shambani kama mtu aliyesahau alichofuata, kisha linakaa. Kwenye kioo cha nyuma nilimwona mwalimu ameshika kofia kwa mkono mmoja na pembe ya kondoo kwa mkono wa pili, wote wawili weupe kwa vumbi, nikashindwa kujua nani ni nani.

Tulipita ziwa la Basotu, na baada ya hapo, mahali pasipo na duka wala mtu, tairi likapasuka.

Nilikasirika. Nikikasirika naongea na gari, na siku ile nililiambia mengi. Mwalimu alishuka, akakunja suruali yake, akaniambia niendelee kuongea nalo yeye afungue nati. Mama akatafuta kivuli. Kulikuwa na mgunga mmoja tu, na kivuli chake chembamba kilikuwa upande mmoja tu, na ukikaa upande huo unatazamana na Mlima Hanang uso kwa uso. Mama akasimama juani kwa muda. Akashindwa. Akatandika kanga, akakaa, akautazama mlima kwa mara ya kwanza katika miaka minane.

"Umekuwa mkubwa," akasema.

"Mlima haukui, mama."

"Basi mimi nimepungua."

Tukiwa tunahangaika na jeki, akaanza kusimulia, hakusema anamsimulia nani. Alisema alimbeba mdogo wake mgongoni tangu mwenyewe akiwa mdogo kiasi kwamba miguu ya mtoto iliburuta chini. Alisema siku moja mtoto huyo alimng'ata sikio kwa sababu alimnyima muwa, na hakuachia mpaka bibi yao alipomwagia maji. Alishika sikio lake la kulia akatuonyesha. Mimi nina miaka hamsini na mbili na sikuwahi kujua kwamba ile alama ni meno ya mama mdogo. "Nani alimbeba nani?" akauliza. "Iulizeni kadi."

Mwalimu alikuwa amelala chini ya gari, tunaona miguu yake tu. "Kadi haikumbuki, mama," akasema kutoka kule chini. "Na mdogo wako naye, kwa mnavyosema, hakumbuki. Umebaki wewe tu unayejua nani mkubwa."

Nadhani alitaka kumfurahisha, kumwambia ameshinda. Mama akasimama. Alikunja kanga yake hata kabla tairi halijakaa, akaenda akaingia kwenye gari, na kwa mwendo mrefu hakumrekebisha mtu yeyote.

Njia panda ya Dirma mwalimu akateremka, akajikung'uta, akamkung'uta na kondoo. Akaja dirishani kuaga. "Nisalimie mdogo wako," akamwambia mama.

"Nimwambie nini?"

"Salamu tu. Asiyejua miaka yake hana deni."

Mama akasema mwalimu ni mtu mzuri lakini ameishi sana na watoto.

Karibu na Katesh akarudiwa na nguvu. Mji ule una upepo unaoweza kukuvua kofia na kumvalisha mwingine, na tulifunga vioo, na humo ndani mama akaanza mazoezi. "Nitakaa," akasema. "Sitasema kitu. Nitamtazama tu mpaka aanze mwenyewe." Kisha akajaribu kuitikia. "Marahaba." Hiyo ilikuwa kavu mno, akaiacha. "Marahaaba." Hiyo ilikuwa na kicheko ndani, akasema, "Hapana, ataona nimemsamehe mapema." Akajaribu kama tano, nyingine ya kanisani, nyingine ya kumwitikia mkwe. Nilimwambia atumie ile ya tatu. Nilikuwa nacheka, na nakiri nilikuwa nacheka kwa hofu pia, kwa sababu nilijua mama amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa moja.

Gitting ukifika unasikia baridi tena, kama vile umerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Mlima unakaa juu ya nyumba, karibu mno, na mashamba yanaupanda hadi yanapochoka. Mama mdogo alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, juani, anamenya mbaazi, sweta amelivaa nje ndani. Alikuwa amekonda. Mtoto wake akatoka jikoni akikimbia, lakini mama akamwashiria asimame. Akatembea hadi mbele ya mdogo wake, akasimama, akanyamaza kama alivyopanga.

Mama mdogo akainua uso. Akaweka mbaazi chini, akafuta mikono, akasimama kwa shida, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama akavuta pumzi. "Marahaba," akaitikia, ile ya tatu, na akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa msichana aliyeshinda mbio. Nilitabasamu naye. Tulikuwa tumesafiri kutwa nzima kwa ajili ya neno hilo na lilikuwa limetoka kabla hata hatujakaribishwa maji.

Mama mdogo akanigeukia mimi, akainama vilevile. "Shikamoo, mama."

Mimi ni mtoto wake kwa kadi yoyote ile. Niliinama nami nikamwamkia. Akaenda hadi kwenye gari, akamwona kondoo anachungulia, akamwamkia na yeye.

"Anaamkia kila mtu, dada," mtoto wake akaniambia kwa sauti ndogo. "Juzi kamwamkia mwanangu wa chekechea. Anaogopa kumkosea mtu asiyemjua."

Sikuweza kumtazama mama. Nilijishughulisha na gunia la viazi kwa muda mrefu kuliko gunia linavyohitaji.

Jioni yote mama alikaa karibu naye wakamenya mbaazi. Mama mdogo alikuwa mwenyeji mzuri, mwenye adabu zote. Akamkaribisha mgeni, akamuuliza ametoka mbali.

"Nimetoka Nambis," mama akasema.

"Nambis nina dada."

Mikono ya mama ikasimama. "Yukoje huyo dada yako?"

"Mkali," mama mdogo akasema. "Hachekagi." Akamenya mbaazi mbili tatu. "Alinikasirikia. Sikumbuki nilifanya nini."

Mama yangu hajawahi kusahau kitu. Anajua nani hakuleta kuni kwenye msiba wa baba yake. Alichukua ganda la mbaazi, akalipasua, likawa halina kitu, akalitupa.

"Na yeye amesahau," akasema.

Usiku huo tulilala chumba kimoja, na nilimsikia anageuka na kugeuka.

Asubuhi niliamka, kitandani kwake hakuna mtu. Nilichukua kikombe nikaenda jikoni kutafuta chai, nikasimama mlangoni. Mama mdogo alikuwa amechuchumaa anachochea moto. Mama alikuwa amesimama mbele yake, mtandio umefungwa vizuri, viatu vya Jumapili vimefutwa vumbi. Akainama. Mama yangu, ambaye alirudisha adabu za vijana kutoka Mbulu hadi Katesh, akainama mbele ya mdogo wake.

"Shikamoo, dada," akasema.

Nilidhani atajibiwa marahaba na mambo yaishe, na nilidhani ndicho alichotaka, kumpa mdogo wake ile shikamoo ya kadi maadamu kuna mtu wa kuipokea. Mama mdogo aliacha kuchochea. Alimtazama mama kwa muda mrefu, paji la uso limejikunja, akaanza kukasirika. Ilikuwa hasira ya kweli, ya zamani, yenye afya.

"Wewe una wazimu?" akasema. "Mkubwa anamwamkia mdogo? Unataka kunilaani nife?" Akamwita kwa jina la utotoni, ambalo mimi sikuwahi kulisikia maishani mwangu na sitaliandika hapa. "Rudisha hiyo. Mtu akisikia atasema tumelelewa na nani." Kisha akasimama, akajifuta majivu, akainama sawasawa. "Shikamoo."

Marahaba zote za Katesh hazikutoka hata moja. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika.

"Itikia basi," mama mdogo akamkaripia. "Au bado umenuna kwa ajili ya kiti?"

"Marahaba, mdogo wangu," mama akasema.

Niliwaachia jiko. Nilikaa nje kwenye kigoda nikawasikiliza kupitia ukuta wa mbao, wanasutana kuhusu muwa na sikio, nani alianza, na nilimsikia mama akicheka kicheko cha juu ambacho sikujua kama anacho. Nililia kidogo. Sioni haya kulisema. Kondoo akachinjwa mchana, na mama akasimamia mwenyewe kugawa nyama.

Lakini nyama ilipoiva mama mdogo alimtazama mama kwa adabu, akamsogezea kigoda. "Karibu, mgeni," akasema. "Umetoka mbali?"

Mtoto wake akanitazama mimi, mimi nikamtazama mama. Mama akaweka sahani chini. Hakuhuzunika, au hakuonyesha. Alifunga mtandio wake vizuri, kama fundi anayeshika kifaa anachokijua, akainama.

"Shikamoo, dada."

Akakaripiwa tena, kwa jina lile lile, mbele ya majirani. Tulikaa Gitting siku tatu, na kila asubuhi, na wakati mwingine mchana, mama alimwamkia mdogo wake ili agombezwe. Mara nyingi ilifanya kazi. Mara moja haikufanya, mama akasubiri mpaka baada ya chai akajaribu tena.

Tumesharudi Nambis muda mrefu. Mimi nimeendelea na vitunguu saumu vyangu, na mama sasa anapalilia kuanzia upande wowote. Kila asubuhi kabla ya kukamua ananiambia nimpigie simu Gitting, niweke sauti ya nje, na kule mtoto wa mama mdogo anamshikia mama yake simu sikioni. Mama anakaa wima kwenye kiti, anasema, "Shikamoo, dada," halafu anasubiri. Siku nyingine yanakuja makaripio hadi spika inakwaruza, na mama anacheka na kuitikia. Siku nyingine kunakuwa kimya, kisha sauti ya mama mdogo inakuja, ya upole, ya mtu anayemwitikia mtoto wa jirani: "Marahaba, mwanangu." Siku hizo mama hamsahihishi. Anamwuliza kama ameamka salama na kama amekunywa chai, anamuaga, ananirudishia simu.

"Leo mimi ndiye mdogo," ananiambia, anachukua ndoo yake, anakwenda zizini.